SAFARI YA KUTAZAMA VYUO: AMUA MCHANA, USINGOJE USIKU

Kama uko kidato cha tano au cha sita, nalijua swali linalozunguka bwenini kila usiku kabla taa hazijazimwa: wewe utaomba chuo gani? Na kama una mpenzi, linafuata swali la pili, la sauti ya chini: mtaomba chuo kimoja?

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo vijana wengi hulifanya bila kumwuliza mtu ushauri. Nalo ni kusafiri siku kadhaa, wawili tu, msichana na mvulana wake, kwenda kutazama vyuo vikuu. Sikuja kukuhubiria. Nimekuja kukusimulia safari yangu mwenyewe ya Juni 2018, safari ambayo nusura nisirudi. Soma, halafu tujifunze pamoja.

TULIVYOONDOKA

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha tano, nasubiri kuingia cha sita. Kombi yangu ilikuwa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Mwenzangu alikuwa na miaka 20, anasoma PCM: Fizikia, Kemia na Hesabu. Nyumbani kwetu ni Tukuyu, mkoani Mbeya.

Mpango wetu ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Siku ya kwanza Mbeya mjini. Siku ya pili basi hadi Iringa. Siku ya tatu tunazunguka vyuo vya Iringa. Siku ya nne Morogoro, siku ya tano tunatembea huko, siku ya sita tunarudi. Tulijua vyuo tutakavyoviona na nauli tutakazolipa. Tulijiona wajanja kweli kweli.

Sasa angalia mambo ambayo hatukuyapanga.

Kwanza, mama nilimwambia nasafiri na wasichana wawili wa darasani. Kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyejua niko na nani.

Pili, shangazi yangu alinipa Sh. 120,000 za safari. Mimi nikampa mwenzangu zote azishike. Si unajua tena, tumezoea kwamba safarini mwanamume ndiye anayeshika hela. Mfukoni mwangu nilibaki na Sh. 2,000 na simu yenye chaji nusu.

Tatu, hatukuzungumza tutalalaje. Yeye alidhani nimeshaelewa. Mimi nilidhani yeye ameshaelewa. Kila mmoja alikuwa na jibu lake kichwani, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

SIKU YA KWANZA: MBEYA

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita kama 70. Tulipanda kosta asubuhi, ukungu umetanda mpaka huoni migomba ya kando ya barabara. Tulifika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, mahali ambapo zamani palikuwa Chuo cha Ufundi. Mwenzangu alifurahi kama mtoto. Alichungulia karakana, akauliza maswali, akaandika kwenye daftari.

"Hapa ndipo petu," akaniambia.

Nikamwambia uhandisi unataka Hesabu na Fizikia, na mimi sina.

"Utatafuta kitu chochote tu. Muhimu tuwe pamoja."

Nikacheka, nikanyamaza. Msomaji, kicheko kile kikumbuke. Nitakirudia.

Usiku ule haukuwa na tatizo. Mimi nililala kwa mama mdogo, yeye akalala kwa kaka yake.

SIKU YA PILI: BARIDI YA MAFINGA

Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Tulitegemea kufika jioni. Lakini tulipopita Makambako kidogo, basi likafa. Fundi akaja, akaondoka kutafuta kifaa, akarudi. Tulikaa pale masaa matano. Tulipofika Mafinga ilikuwa saa nne usiku, na konda akatangaza kwamba gari haliendelei mpaka asubuhi.

Wewe wa Dar es Salaam au Tanga unaweza usielewe nikisema baridi. Mji wa Mafinga uko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ukisema neno, mvuke unatoka mdomoni. Mimi nilikuwa nimevaa sketi, kandambili na sweta moja la shule. Masweta mengine yalikuwa chini kabisa ya begi, na begi lilikuwa kwenye buti ya basi.

Gesti ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa, maana abiria wote walikuwa wanatafuta pa kulala. Ya tatu kijana wa mapokezi akasema, "Kimebaki kimoja. Kitanda kimoja. Elfu kumi na tano."

Mwenzangu akalipa bila kunitazama. Na mimi ningesema nini? Hela hazikuwa mikononi mwangu, mama hajui nilipo, nje baridi, miguu imekufa ganzi. Nikaingia.

Kijana wa mapokezi, kwa huruma tu, akatuletea jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Tukafunga dirisha. Mwenzangu akachukua taulo akaziba uwazi wa chini ya mlango ili joto lisitoke. Tukakaa kitandani na masweta yetu, kila mmoja na upande wake wa blanketi, tunaota moto. Kwa kweli nilisikia raha.

Baada ya muda yakaanza maneno. Kwamba tuko pamoja mwaka mzima. Kwamba kama nampenda mbona nakaa mbali. Kwamba yeye ndiye aliyelipa chumba. Nikamwambia sitaki. Akasema, "Sasa ulikuja kufanya nini?"

Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikadhani ni hasira. Tumbo likanichafuka, nikadhani ni njaa. Nikasema naenda kulala mapokezi kwenye benchi, bora baridi. Nilipoinuka chumba kikazunguka. Nikapapasa mlango, nikavuta taulo kwa mguu, nikafungua, nikaanguka kwenye korido.

Ule ugomvi ndio uliotuokoa.

Mama mwenye gesti alisikia kishindo, akatoka na kanga zake. Akachungulia ndani. "Jiko liko ndani na mmefunga dirisha? Mnataka kufa, wanangu?" Alimburuta mwenzangu kwa mikono miwili. Yeye alikuwa bado amekaa kitandani, macho wazi, lakini miguu haimbebi na maneno hayaeleweki. Tukakaa nje barazani tumefunikwa mablanketi, tunatapika, mama yule anatukemea na kutuhurumia kwa pamoja. Alipopata gari akatupeleka hospitali. Tuliwekewa hewa ya oksijeni hadi asubuhi.

Daktari alituambia jambo moja ambalo sijalisahau: "Mngelala usingizi, msingeamka."

JIKO LA MKAA LINAUAJE?

Twende darasani kidogo. Mkaa unapowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Usiichanganye na kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Hii ni nyingine, na ni sumu.

Gesi hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ndiyo maana watu hudanganyika. Tumezoea kuogopa moshi, kwa hiyo tukiona mkaa mwekundu usio na moshi tunasema "sasa uko salama, ingiza ndani". La hasha! Mkaa usio na moshi bado unatoa gesi hiyo.

Kwenye damu yako kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama abiria anayekalia kiti chako na kukataa kuinuka. Damu inazunguka kama kawaida, moyo unapiga, lakini ubongo haupati oksijeni.

Dalili ni hizi:
- kichwa kuuma na kizunguzungu
- kichefuchefu na kutapika
- kuishiwa nguvu, hasa miguu
- kuchanganyikiwa, kuongea kama mlevi
- mwisho kuzimia na kufa.

Watu wengi hufikiri ni malaria, uchovu wa safari au pombe. Jiulize: je, wote mliomo chumbani mnaumwa kwa wakati mmoja? Je, mkitoka nje mnapata nafuu? Basi shuku jiko.

Ufanye nini? Toka nje haraka na umtoe mwenzako. Usianze kukusanya vitu. Fungua milango na madirisha. Kisha nendeni hospitali hata kama mnajisikia nafuu, na mwambieni mhudumu kwamba mlikuwa na jiko ndani. Usimpe mgonjwa maziwa ukidhani yatakata sumu. Sumu hii imeingia kwa njia ya hewa, na dawa yake ni hewa safi na oksijeni.

Na je, sufuria la maji juu ya jiko linasaidia? Hapana, haliondoi gesi hii. Kuacha dirisha wazi kidogo? Usikitegemee kiupenyo hicho kikulinde ukiwa umelala. Jiko la mkaa halilali chumbani. Basi.

UPATE JOTO BILA KUJIUA

Kama unapanda nyanda za juu Juni au Julai, iwe Mbeya, Njombe, Makete au Iringa, fanya hivi:
- Masweta, soksi na kofia viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye buti ya basi.
- Nguo mbili tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, hutunza joto vizuri kuliko moja nene.
- Nguo ikilowa ivue. Nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili.
- Omba maji ya moto kwenye chupa, funga vizuri, izungushie kitambaa, weka miguuni.
- Kula kabla ya kulala. Chai ya tangawizi na kiporo cha wali ni mafuta ya mwili.
- Usinywe pombe "ili upate joto". Pombe hupanua mishipa ya ngozi. Unasikia joto usoni, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka. Juu ya hayo, inakuondolea akili ya kuamua.

CHUMBA KIMOJA: NANI KAAMUA?

Turudi kwenye chumba kile. Mimi sikukubali kulala chumba kimoja, na sikukataa. Nilifikishwa tu. Nilifikishwa na baridi, uchovu, usiku na mfuko mtupu.

Vijana wengi hufikiri uamuzi unafanyika pale chumbani, watu wawili wakiwa wamekaa kitandani. Sivyo. Uamuzi wangu ulifanyika siku tatu nyuma nyumbani Tukuyu, nilipotoa hela zote, nilipomdanganya mama na niliponyamaza. Kufika saa nne usiku ilikuwa ni kuvuna tu.

Ndiyo maana nasema amua mchana. Amua ukiwa umeshiba, huna baridi, una hela yako na una pa kwenda ukisema hapana.

Kwa wasichana: sema kwa maneno, kabla ya kukata tiketi. Usiseme "tutaona". Sema, "Nataka twende, lakini kila mtu atalala chumba chake. Kama hela haitoshi vyumba viwili, tupunguze siku." Akikasirika mkiwa nyumbani, umepata jibu lako bure, tena mapema.

Kwa wavulana: msichana akikubali kusafiri nawe, amekubali kusafiri. Hajakubali kitu kingine. Kulipa chumba si kumlipa mtu. Na ukimya wake si ndiyo. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba usiku ule na yeye aliogopa. Alidhani asiposema chochote nitamwona si mwanamume. Ona sasa! Watu wawili waliogopana, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza.

Kama mmekubaliana wote wawili, bila shinikizo, na umri wenu si wa utoto, bado kuna mambo ya kuzungumza mchana: mimba, VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Nendeni mkapime kabla. Kondomu ikitumiwa vizuri hukinga mimba na magonjwa kwa pamoja.

Na kama jambo limeshatokea bila kinga, au umelazimishwa, usijifungie chumbani ukilia. Muda unahesabika:
- Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28.
- Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi ukivimeza mapema, ndani ya siku 3.
- Ukilazimishwa, usioge wala usifue nguo. Nenda hospitali, na katika kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kosa si lako, hata kama ulipanda basi kwa hiari yako.
- Ukiwa Tanzania na uko chini ya miaka 18, namba 116 ni ya bure.

SIKU ZILIZOBAKI: IRINGA HADI MOROGORO

Asubuhi nilimpigia mama. Nikamwambia ukweli wote. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Uko salama? Hayo mengine tutaongea ukirudi." Akaongea na mwenzangu pia. Sijui alimwambia nini, ila alisema "ndiyo mama" mara nyingi sana. Kisha mama akatupangia: Iringa mimi nitalala kwa mwanamke wa kanisani kwao aliyehamia huko, mwenzangu alale gesti peke yake. Akanirudishia hela zangu zilizobaki bila kuombwa.

Iringa tulitembelea Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Kinaitwa kwa jina la Mtwa Mkwawa, yule kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Wanachuo wa ualimu wa sayansi walituonyesha maabara. Nikauliza maswali yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Siku ya nne tukateremka mlima Kitonga. Barabara inazunguka kama nyoka, upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde, na malori yanashuka polepole yakinuka breki. Chini, Ruaha Mbuyuni, joto linakupokea ghafla. Mnavua masweta, wauza vitunguu wanagonga dirisha, mibuyu kila upande. Halafu barabara inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi.

Hapa niseme neno la barabara. Chuo tulichokuwa tunakwenda Morogoro ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilianzishwa 1984, na kimebeba jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari mkoani humo humo Morogoro, akitoka Dodoma. Kama ajali ya barabarani ilimchukua Waziri Mkuu, mimi na wewe kwenye kiti cha nyuma ni nani?

Kwa hiyo funga mkanda hata kama abiria wote wanakucheka. Dereva akikimbia au akisinzia, semeni kwa pamoja. Sauti moja hupuuzwa, sauti kumi hazipuuzwi. Mabasi ya abiria yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa, hiyo ni haki yako. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena Tanzania mwaka 2023, lakini ukiweza safiri mchana. Na usipange ratiba ya kufika jioni mahali usipomjua mtu. Panga ufike saa nane, ili gari likiharibika masaa matano bado unafika saa moja usiku, si usiku wa manane.

CHUO NI CHA NANI?

Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ndipo nilipokutana na kozi ambayo sikuijua kabisa: lishe ya binadamu. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alitueleza wanachosoma: chakula na mwili, watoto wenye utapiamlo, wajawazito wenye upungufu wa damu. Nikamtazama tu. Kule kwetu Tukuyu ndizi zipo, maziwa yapo, maparachichi yapo, na bado watoto wanadumaa. Nilikuwa najiuliza kwa nini tangu darasa la sita.

Tulipokaa chini ya mti nikamwambia mwenzangu, "Nataka kuja hapa."

"Na mimi?"

"Wewe nenda Mbeya. Wewe ni mhandisi."

Hakufurahi. Lakini mara hii sikucheka wala sikunyamaza. Unakumbuka kile kicheko cha siku ya kwanza pale Iyunga? Kilikuwa ndugu na ukimya wa Mafinga. Msichana anayeshindwa kusema "chuo hiki si changu" mchana kweupe, atawezaje kusema "chumba hiki sikitaki" saa nne usiku? Ni misuli ile ile. Inafanyiwa mazoezi kwa mambo madogo.

Unapotembelea chuo, na mpenzi au bila mpenzi, uliza:
- Kombi yangu na alama zangu zinaingia kozi gani? Soma mwongozo unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Maombi unayapeleka chuoni kwenyewe, na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utathibitisha kimoja tu.
- Hosteli zipo za kutosha, au wengi wanapanga mitaani? Kutoka madarasani hadi huko usiku kuna taa?
- Zahanati iko wapi? Wanachuo wanatibiwaje?
- Je, naweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kozi hii?
- Na la mwisho: kama mimi na mpenzi wangu tukiachana muhula wa kwanza, je, bado nitakipenda chuo hiki?

Swali hilo la mwisho usiliruke. Chuo ni miaka mitatu, minne au mitano. Mapenzi ya kidato cha sita hakuna anayejua urefu wake.

Wengine mtauliza, ikawaje? Yeye aliingia uhandisi Mbeya, mimi nikaingia lishe Morogoro. Tuliandikiana mwaka mmoja hivi, kisha tukaachana kwa amani. Hadi leo tunapigiana simu kila Juni baridi ikianza. Anauliza, "Jiko liko nje?" Najibu, "Liko nje."

MKATABA WA SAFARI

Kabla ya kukata tiketi, kaeni mezani mchana, mwandike. Kila mmoja abaki na nakala.

1. Mtu mzima mmoja anajua ukweli: nani anakwenda na nani, njia ipi, kulala wapi. Anapigiwa kila jioni.
2. Kila mmoja anashika hela zake mwenyewe, na ana akiba ya usiku mmoja na nauli ya kurudi ambayo haiguswi.
3. Kulala: kwa ndugu au vyumba viwili. Chumba kinatafutwa kwa simu kabla ya kuondoka.
4. Tunafika mchana. Gari likiharibika, tunampigia yule mtu mzima kwanza, kabla ya kutafuta gesti.
5. Nguo za baridi mkononi. Jiko la mkaa halilali ndani.
6. Kila mmoja anachagua chuo chake.

Akikataa kuweka sahihi, usiondoke naye. Si lazima ugombane. Sema tu, "Basi tuahirishe."

JADILIANENI DARASANI

a) Msimulizi alifanya makosa gani kabla hajatoka nyumbani? Lipi lilikuwa kubwa kuliko yote, na kwa nini?
b) Mlinzi wa shule yenu analala na jiko kibandani wakati wa baridi. Mtamwelezaje bila kumdharau?
c) Igizeni: mvulana na msichana wanapanga safari ya kwenda kutazama vyuo. Msichana anataka vyumba viwili, mvulana anasema hela haitoshi. Malizeni igizo kwa namna mbili tofauti.
d) Wavulana peke yao: ni nani aliyetufundisha kwamba anayelipa ndiye mwenye haki? Wasichana peke yao: ni lini mara ya mwisho ulicheka wakati ulitaka kusema hapana?

Msomaji, nenda ukavione vyuo. Panda basi, uone Kitonga, uone Uluguru, ujue nchi yako ilivyo kubwa na nafasi zako zilivyo nyingi. Ila mambo ya usiku yamalize mchana, ungali nyumbani.

Safari njema, na mkanda ufunge.